Koti Lisilo na Mgongo

Nianze na mate, maana yeye mwenyewe alianza kila kazi na mate. Kabla ya kutunga uzi kwenye sindano aliulamba. Kabla ya kukunja ukosi alitemea kidole gumba, akakipitisha juu ya kitambaa polepole, kwa mapenzi, na akishamaliza anakukabidhi hilo koti ulivae. Nimemjua fundi huyo miaka mingi. Nilimpelekea kazi ambazo nisingethubutu kumpa mtu mwingine, na sikumbuki kuwahi kumpa mkono bila kutafuta maji baadaye.

Kibanda chake kilikuwa mtaa wa Mangobo, nyuma ya soko, mahali ambapo maji ya mvua hukwama na kuoza. Mangobo nzima ilimwita Tailleur, kana kwamba mji mzima hauna mshonaji mwingine. Mimi nilimwita Papa Fundi, kwa ajili ya umri wake tu. Yeye aliniita Mama Théâtre, kwa sababu ninatunza mavazi ya kikundi cha maigizo cha parokia yetu ya Kabondo, ingawa kazi inayonilisha ni kufundisha darasa la tano.

Sifa yake ilikuwa makoti ya kuiga. Bwana harusi alikuja na simu, akamwonyesha mwanamuziki wa Kinshasa amevaa koti lenye mabega mapana na nyuzi za dhahabu, akasema nataka lile, na mfukoni sina kitu. Fundi hakucheka. Alichukua simu, akaikuza picha kwa vidole vyenye mafuta ya mawese, akaitazama mpaka mwenye simu akaanza kuhofia betri yake. Kisha alikwenda kwa wauza mitumba, akachagua koti la kike la majira ya baridi, zito, ambalo hakuna mwanamke wa hapa angelivaa na jua hili. Hilo ndilo lililozaa koti la mwanamuziki. Mabega aliyajaza sponji la godoro. Nyuzi za dhahabu zilitoka kwenye pindo la pazia. Vifungo alivikata kwenye makopo ya maziwa, akavigonga kwa nyundo mpaka vikawa na umbo la bakuli, akavisugua kwa majivu na limau. Ukisimama hatua chache mbali naye, ungeapa kuwa koti limeshuka kwenye ndege.

Ukisogea karibu, harufu inakupiga. Hakufua kitu. Mitumba ilifika na jasho la watu wa Ulaya, ikalala kwenye kibanda chake na panya wa Mangobo, ikapakwa mate yake, ikapigwa pasi ya makaa, na ule mvuke uliopanda hapo ulinitoa machozi. Nilimwambia mara nyingi.

"Papa Fundi, fua kwanza."

"Ukifua, kitambaa inapoteza nguvu. Uchafu njo inaishikilia, Mama Théâtre."

Alikuwa anakula lituma, ndizi zilizopondwa, juu ya meza ileile ya kukatia, na tonge alilimega kwa mkono huohuo ulioshika velveti. Kando ya kopo la pini kulikuwa na kopo jingine la mpose wabichi, wale funza wanono wa mchikichi, wakijinyonganyonga wakisubiri kikaango. Mimi nakula mpose, tena napenda. Lakini siku moja nilimwona akipeleka mkono kwenye kopo bila kuangalia, macho yake kwenye mshono, akatoa funza alipotaka pini. Alimrudisha, akachukua pini, akaendelea. Hakufuta hata vidole.

Sheria yake ilikuwa moja, na aliirudia mpaka ikakera: picha ndiyo bosi. Kilichomo kwenye picha alikishona, na kisichomo hakikumhusu. Kama koti kwenye picha lilikosa kifungo, la kwako nalo lilikosa kifungo. Kulikuwa na kijana mmoja wa Kabondo aliyemtumia picha ambayo rafiki yake alijipiga mwenyewe kwa simu, moja ya zile picha zinazogeuza kulia kuwa kushoto. Fundi alishona vilevile. Bwana harusi akaingia kanisani na koti linalofungwa upande wa wanawake, mfuko wa kitambaa cha mkono uko upande wa kulia, na shangazi za bibi harusi wakagongana viwiko kuanzia mlangoni mpaka altareni. Alipokwenda kulalamika, Fundi alimrudishia simu.

"Angalia bien. Mi nilikosea wapi?"

Na kweli hakuwa amekosea popote. Hilo ndilo lililokuwa linaudhi kwa mtu huyu, kwamba ukienda kumgombeza unarudi huna la kusema.

Tena alikuwa na dhamiri, ila aliiweka mahali ambapo wewe usingeiweka. Tulipomwagiza makoti ya askari kwa ajili ya mchezo wetu, aliyatengeneza sawasawa na picha, isipokuwa kila koti alilitia kifungo kimoja cha plastiki ya waridi, chini kabisa. Hiyo ndiyo mara pekee niliyomwona akiiasi picha. Nilipouliza, alisema kuna watu wanaopita wakitafuta koti la askari, na si kwa maigizo, na yeye hataki kusikia kwamba mama fulani alifungulia mlango koti lake. Jumapili alikaa kwenye benchi la mbele, shati jeupe lisilo na doa, kucha safi. Nilimtazama nikajiuliza anayapata wapi maji siku hiyo.

Sasa nifike kwenye pamba.

Tulikuwa na koti la gavana wa zamani, jeupe, lenye mikanda ya mabegani na vifungo vya makopo, fahari ya kikundi chetu. Lilichanika kwapani, nikampelekea alirekebishe, akakaa nalo wiki nzima. Aliyeigiza gavana alikuwa dereva mmoja wa pikipiki, mtu mnene mcheshi. Siku ya mazoezi akalivaa, akapiga chafya, akasema lina harufu ya hospitali. Kisha akatia mkono mfukoni akatoa kipande cha pamba, kimeviringishwa vizuri, chembamba upande mmoja. Akakionyesha watu, wakacheka. Mimi sikucheka. Baba yangu alikuwa mpiga gitaa, amepiga kwenye matanga mengi kuliko harusi, na tangu utotoni nimesimama karibu na maiti waliopambwa. Nilijua ile pamba huwekwa wapi.

Nilimwambia yule dereva avue, nikasingizia kuna kunguni. Nikapanda toleka, baiskeli ya abiria, mpaka Mangobo, koti liko kwenye mfuko wa plastiki na mkono wangu umeunyoosha mbali na mwili.

"Papa Fundi, koti letu lilikwenda wapi?"

Hakupepesa jicho. "Ilitembea kidogo."

"Ilitembea wapi?"

"Ku morgue."

Chumba cha maiti. Alinieleza huku akishona. Kuna watu wanafiwa na hawana kitu. Maiti lazima alazwe watu wamwone, shemeji wanakuja, wakwe wanakuja kuangalia mtoto wao aliishi na mtu wa namna gani, na marehemu ana shati moja lililotoboka. Yeye hupeleka koti asubuhi, marehemu analala kama mtu mkubwa mpaka saa ya kufunga sanduku, halafu koti linavuliwa linarudi.

"Ule mufu alikuwa anauzisha makala," akasema juu ya marehemu huyo muuza makaa. "Bwana, ungemuona. Ministre kabisa."

Nikampigia kelele mpaka wauza mboga wakaja mlangoni. Nilimwambia kuna vijana wazima wanaotoka jasho ndani ya makoti hayo, nikamwambia ni mchafu wa mwili na mchafu wa roho, na maneno mengine ambayo mwalimu hasemi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema nimesema kweli, walio hai na waliokufa wasivae nguo moja. Basi atawashonea waliokufa ya kwao.

Ndivyo yalivyozaliwa makoti yasiyo na mgongo, na kelele zangu ndizo zilizoyazaa. Yalikuwa na kifua, ukosi, mifuko, vifungo, na mikono iliyopasuliwa nyuma kutoka bega mpaka kiganja. Unalitandaza juu ya maiti, unalichomeka pembeni chini ya mbavu, basi. Hakuna haja ya kumwinua mtu wala kumvunja mkono uliokakamaa. Kitambaa cha koti moja la mtumba kilitosha marehemu wawili. Alinionyesha la kwanza akiwa na furaha ambayo sijamwona nayo tena.

"Na mgongo?" nikamwuliza.

"Maiti haigeukake, Mama Théâtre."

Nilitoka nje nikatema mate. Niliapa sitarudi.

Nilirudi kwa ajili ya baba yangu.

Baba alipiga gitaa la kusindikiza kwenye orkestra iliyochezesha dansi katika hoteli moja ya kando ya mto, zamani, watu wa mbali kama Isangi walipokuwa wakipanda boti kuja kuisikia. Walivaa makoti ya rangi ya krimu, ukosi mwekundu uliokolea, na kamba nyembamba nyeusi imezunguka ukosi wote. La kwake lilikwenda na vitu vingine siku za uporaji, askari walipopora mji. Ilibaki picha moja: vijana sita wamesimama, baba wa pili kutoka kushoto, kidevu juu. Sasa moyo wake ulikuwa umechoka, miguu imevimba, na wenzake waliobaki hai walikuwa wawili tu. Kikundi chetu kikaamua kuwaandalia mchana mmoja kwenye ukumbi wa parokia, wazee wale wapige nyimbo zao, watu wawaone kabla ya kuchelewa.

Baba alikataa kupiga bila lile koti.

"Bakiniona na veste ingine, bataona tu muzee moja na gitare," aliniambia. "Mi natakaga banione."

Alikuwa anasema kweli. Mtaani watoto walimwita mzee wa miguu. Hakuna aliyejua kwamba aliwahi kuwa mtu wa kutazamwa. Mshahara wa mwalimu wa hapa kila mtu anaujua, na fundi mwingine yeyote angetaka kitambaa kipya. Nikameza kiapo changu, nikampelekea Fundi ile picha. Nikamwambia ni ya baba yangu, ni mgonjwa, lifanane kabisa, na tunalihitaji Jumapili. Aliitazama picha muda mrefu. Akaniuliza urefu wa mikono. Akaniambia pole, kwa sauti ya chini, na mimi nikadhani anasikitikia ugonjwa.

Jumapili asubuhi alilileta mwenyewe, kwenye toleka, limefungwa kwa karatasi. Baba alikuwa amenyolewa, amekaa ukingoni mwa kitanda, gitaa liko tayari ukutani. Nikalifungua. Ukosi ulikuwa uleule. Kamba nyeusi ilikuwa ileile, na pale kwenye kona ambapo kwenye picha imelegea kidogo, ililegea. Baba alilipapasa. Sijui nilimwona lini mara ya mwisho akiwa na uso ule.

Akanyoosha mkono aingie. Mkono wa koti ukafunguka wote, ukaning'inia. Akajaribu mwingine. Akaligeuza.

Baba alikuwa amepiga kwenye matanga kiasi cha kutosha. Habari za Mangobo alizisikia kama kila mtu. Alilishika lile koti magotini, akamtazama Fundi.

"Nani amekufa?"

Na Fundi, kofia mkononi, kwa adabu zote, akajibu, "Bado, papa."

Nimelifikiria jibu hilo mara nyingi. Hakuwa mkatili. Mtu huyu aliona binti analeta picha ya zamani ya baba mgonjwa, anasema lifanane, anasema Jumapili, akafikiri anachofikiri kila mtu wa mji huu: kwamba familia inajiandaa. Nilipomvuta mpaka uani na kumwuliza kama ana akili, alijitetea vilevile alivyojitetea kwa yule bwana harusi.

"Picha ya papa yako ilionyesha mugongo?"

"Tafuta kitambaa. Shona mgongo sasa hivi."

"Kitambaa iliisha. Ile rangi sitaipata tena."

Nilimtupia lile koti usoni. Alilidaka, akalikung'uta vumbi, akalikunja kwa uangalifu, akaondoka nalo.

Baba hakwenda ukumbini. Alisema amechoka. Wenzake wawili walipiga bila gitaa la kusindikiza, watu wakapiga makofi, na mimi nikawa nasimama mlangoni nikiwaambia wanaouliza kwamba mzee ana homa. Niliporudi nilimkuta amegeukia ukuta. Hakulitaja tena koti, wala yeye na mimi hatukuuzungumza mchana ule. Gitaa lilikaa palepale lilipotundikwa.

Alikufa miezi michache baadaye, alfajiri, bila kumsumbua mtu.

Baba mdogo, mdogo wake wa tumbo moja, ndiye aliyeshika mambo. Ilipofika habari ya mavazi nikaleta shati jipya na suruali. Baba mdogo aliyatazama, akatikisa kichwa.

"Na ile veste ya orchestre? Benzake banakuya kumuona."

Nikamwambia haipo. Akasema itafutwe. Nililia, kisha nikaenda Mangobo kwa miguu, maana sikutaka kufika haraka.

Fundi alikuwa amezeeka ghafla. Jicho moja lilikuwa limeingia ukungu, na uzi aliulamba mara tatu kabla ya kupata tundu. Alisimama aliponiona. Habari zilikuwa zimemfikia. Alinipa pole, na nikampa mkono.

"Nimekuja kwa ajili ya lile koti, Papa Fundi."

"Iko ku kazi," akasema.

Sikuelewa kwanza. Kisha nikaelewa.

"Itatoka mbele ya saa sita. Twende."

Tulikwenda pamoja. Tulisubiri nje ya chumba cha maiti chini ya paa la mabati, mimi na yeye kwenye benchi moja. Ndani familia nyingine ilikuwa inamlilia mtu wao. Walipotoka, Fundi akaingia, na kupitia mlango ulioachwa wazi nilimwona mwanamume nisiyemjua amelala na koti la baba yangu kifuani. Lilimkaa vizuri pia. Fundi akalivuta pembeni, upande huu na upande ule, mara moja tu, na yule mtu akabaki na fulana ya ndani yenye matundu.

Alilileta nje kwenye mwanga. Kulikuwa na poda kwenye ukosi. Akatemea kidole gumba, akaisugua poda mpaka ikatoka, akanipa.

Nililipokea. Lilikuwa na harufu ya formoli, ile dawa ya maiti, na mafuta ya nywele ya mtu mwingine. Nililibeba mpaka nyumbani, alipolazwa baba, nikamwambia Fundi asimguse, nikalitandaza mwenyewe na kulichomeka chini ya mbavu zake. Ilinichukua muda, kwa sababu mikono yangu haikuzoea. Ukosi ukakaa.

Wale wazee wawili waliingia wakishikana mikono. Wa kwanza aliinama, akatazama, akarudi nyuma hatua moja. "Njo yeye," akasema. "Njo yeye kabisa." Baada yao wakaja watu wa mtaa, na wale watoto waliomwita mzee wa miguu wakaja na mama zao. Wote walisimama wakimtazama. Nilimsikia mwanamke mmoja akimwuliza mwenzake huyu alikuwa nani hasa, na mwenzake akasema alikuwa mwanamuziki mkubwa, huoni? Ilikuwa hivyo kwa saa nzima. Fundi alisimama kando ya mlango, kofia mkononi, na waliopita walimpa pole wakidhani ni ndugu.

Seremala alipoingia na kifuniko, Fundi alikuja karibu yangu.

"Mama Théâtre. Kesho kuko mama moja wa kwetu Mangobo. Bwana yake alikuwa mulinzi wa usiku. Nilishamuahidi."

Baba mdogo hakusikia. Ningeweza kusema hapana, na Fundi asingebishana. Nilimtazama baba kwa mara ya mwisho akiwa vile alivyotaka aonekane. Kisha nikaingiza vidole chini ya mbavu zake, upande huu na upande ule, nikalitoa, nikalikunja ukosi ukiwa ndani usichafuke. Nikamvutia baba shuka mpaka shingoni.

Nikamkabidhi koti.

"Aksanti, papa," nikamwambia.

Nililisema kwa moyo wangu wote, na ndilo neno linalonitia kinyaa kuliko yote niliyowahi kumwambia mtu yule.